Kadi Iliyonyonya

Kilichomshangaza Febronia kwanza ni kwamba kadi ilikuwa na ujoto. Ilikuwa imelala kwenye droo tangu jana yake saa kumi, haijachomekwa popote, na asubuhi ile ya mvua Shinyanga nzima ilikuwa baridi hata maseremala wa jirani walivaa makoti. Lakini alipoishika, kile kipande cha bati na plastiki kinachojaa kiganja, cha kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta, kilikuwa na joto la kwapa. Tena kilikuwa na majimaji. Alinusa vidole vyake, na bora asingenusa, maana vilitoa harufu ya tope la siku nyingi na maziwa yaliyochacha kwenye kibuyu kisichooshwa.

Aliifuta kwa kitambaa, akajiambia droo imeingia maji. Mafundi ndivyo walivyo. Hata jeneza likigongwa kwa ndani watakwambia ni misumari imelegea.

Mwaka huo ulikuwa 1998, mvua za El Niño zilikuwa bado zinamalizia uharibifu wake. Duka la Hozefa pale Kambarage liliuza redio, betri na nyaya kwa mbele, na kwa nyuma palikuwa na chumba cha ufundi, ufalme wa Febronia. Alikuwa binti wa Ushirombo, kasomea ufundi Dar es Salaam, na mjini hapo hapakuwa na mwingine aliyeweza kuifungua kompyuta ya mapajani na kuifunga bila skrubu kubaki mezani. Mumewe, Herman, alifanya kazi ya mizigo kule Isaka, akirudi nyumbani Jumamosi. Mtoto wao, Monika, wa miezi mitano, alilala chini ya meza ya kazi ndani ya boksi la televisheni lililotandikwa kitenge. Walikuwa wamemngoja miaka saba. Kabla yake zilitoka mimba tatu, na Febronia alikuwa na mazoea ya kuinama kila baada ya dakika chache kusikiliza kama anapumua.

Kadi ile ililetwa na Pantaleo, mpima ardhi wa kampuni moja ya kutafuta dhahabu huko Geita. Ndani yake, alisema, mlikuwa na vipimo vya kilima kizima, kazi ya miezi mitatu, na sasa kompyuta yake, aliyoiacha hapo mezani, ilikuwa inaikataa. Alipoulizwa kama imeanguka popote alisema iliingia tope kidogo tu, akageuka kutazama redio za Hozefa kama mtu anayetaka kununua.

Kadi kukataliwa si jambo la ajabu, na Febronia alikwishatibu nyingi. Kuna kadi za volti tatu, hizo haziingii kwenye tundu la volti tano, watengenezaji wameliwekea tundu kijino pembeni makusudi ili zigome mlangoni. Kuna zinazoingia lakini kompyuta haina programu ya kuziendesha. Halafu kuna zinazogombana na wenzao: kila kifaa ndani ya kompyuta hupewa namba yake ya kupigia hodi, na viwili vikipewa namba moja, kompyuta inasikia hodi lakini haijui imfungulie nani, basi inanyamaza. Hapo dawa ni kumfungia mmoja mlango kabisa. Siku ya kwanza yote alibadilisha programu, akahamisha namba, akazima kijicho cha pembeni cha kupeleka taarifa bila waya. Kompyuta iliendelea kusema haikifahamu kilichochomekwa.

Basi akafikia tiba ya mwisho, kusafisha meno ya kadi, na spiriti ilikuwa imekwisha. Akafanya wanachofanya mafundi wote wakiwa peke yao na wanachokikana mbele ya mteja: alilamba kidole gumba, akasugua, akakilamba tena. Ladha iliyomjia ilikuwa ya chumvi, kutu na uchachu, ikashikilia kwenye koo na kukataa kushuka. Akatema mate juu ya yale meno, tfu, akayafuta kwa pindo la khanga. Sasa huku mate si uchafu mtupu. Mzee akimtemea mtoto mate kifuani anambariki, anaiambia mizimu kwamba huyu ni wetu. Febronia alilijua hilo tangu anatambaa, ila nani anakumbuka mizimu akiwa na bisibisi mkononi?

Aliichomeka kadi. Kompyuta ililia mlio wake wa kukubali, mara moja, bila kuuliza programu wala namba.

Alifurahi, masikini. Akatafuta vipimo vya Pantaleo asivione. Ndani ya kadi mlikuwa na kitu kimoja tu, hakina jina, na kila alipotazama ukubwa wake ulikuwa umeongezeka. Alipokuwa akikodoa macho kwenye kioo ndipo aliposikia sauti kutoka kwenye lile tundu la pembeni, ndogo, ya majimaji, yenye kituo na mdundo wake: chwa, chwa, chwa, kimya, kisha kitu kikameza. Hakuna mama anayehitaji kufundishwa sauti hiyo. Aliinama haraka chini ya meza. Monika alikuwa amelala fofofo, mdomo umefumba. Lakini mwili wa Febronia haukungoja maelezo. Maziwa yalimshuka yenyewe, matiti yote mawili, yakailowesha blauzi mpaka kiunoni. Sauti ile ikaharakisha, kama iliyosikia harufu.

Akazima, akachomoa waya, akaifungua kompyuta. Chini ya vibonye vya herufi palikuwa na utando mweupe, mnene, ule unaoganda juu ya maziwa yaliyopoa, na alipouvuta kwa kibanio ulitoka mzima, ukining'inia, na ndani yake mlikuwa na nywele laini za utosini na punje ndogo za fedha zinazobingirika. Zebaki, hiyo hiyo wachimbaji wanayokamatia dhahabu. Alifika mlangoni kwa kukimbia, akatapika mferejini mpaka tumbo likabaki na kamasi tu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Fundi hawezi. Fundi akitilia shaka kadi huihamishia kwenye mashine nyingine ili ajue kosa ni la nani, ndiyo kanuni, na Febronia aliifuata kanuni. Akaichomeka kwenye kompyuta ya Hozefa: ikakubaliwa. Akaichomeka kwenye ya dukani: ikakubaliwa. Ikabaki moja kuukuu ya misheni, iliyoletwa kutengenezwa, ya volti tano, ambayo kadi ile ya volti tatu isingeweza kuiingia hata kwa nyundo. Aliiweka mdomoni mwa tundu ili tu ajiridhishe, na kadi ikalegea kati ya vidole vyake, ikawa laini, yenye utelezi, ufizi wa mtoto ambaye hajaota jino, ikajipinda kukikwepa kijino na kujivuta ndani yenyewe. Kompyuta zote nne, tatu kati yake zikiwa zimezimwa, zikaanza kunyonya.

Jioni ile Monika alikataa ziwa.

Hakulikataa kwa deko. Alinusa, akakunja uso, akapiga yowe huku amejipinda mgongo kama aliyeonyeshwa jambo baya. Febronia alijaribu la kushoto, akajaribu la kulia, akajikamua kiganjani aone kuna nini. Yaliyotoka yalikuwa ya kijivu, yanavutika, na katikati ya kiganja zilitulia punje mbili za fedha. Usiku na mchana uliofuata mtoto alilia, siku ya tatu alinung'unika tu, na asubuhi ya siku ya nne muuguzi wa kliniki aliuchora uzito wake kwenye kadi ya mtoto, akautazama mstari unavyoshuka, akauliza kwa ukali kama nyumbani kuna matatizo. Utosi wa Monika ulikuwa umebonyea. Maziwa ya kopo aliyatema, uji aliutema, maji ya glukosi alimeza vijiko viwili. Na kila Febronia alipofika kazini, akisikia tu chwa, chwa, matiti yaliyokuwa yamekauka mbele ya mwanawe yalijaa na kumwagika, na hilo ndilo lililomfanya auchukie mwili wake mwenyewe kuliko alivyolichukia lile dude.

Hozefa hakuwa mtu wa kupaparika. Alisimama katikati ya chumba, kitambaa puani, akasikiliza, akasoma alichojua kukisoma, akafukiza ubani mpaka wateja wakakohoa. La kuvunda halina ubani. Harufu ya maziwa machachu ilipanda juu ya moshi na kukaa. Ndipo akaichukua kadi kwa koleo, akatoka nayo nyuma, akaitumbukiza kwenye jiko la mkaa la mama anayewauzia chai. Kadi haikuungua. Aliyeungua ni Febronia, kule ndani, aliyehisi chuchu yake inachomwa na kuinua blauzi akakuta lengelenge linapanda mbele ya macho yake. Alitoka mbio, akaitoa kadi motoni kwa mkono mtupu, na kabla hajajua anachofanya alikuwa ameikumbatia na kuibembeleza. Hozefa alimwona. Akatazama chini kwa aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

Simu ilipigwa Geita. Pantaleo alifika kesho yake mchana, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alipomwona Monika kwenye boksi, ngozi imelegea mapajani, uongo wote ulimtoka.

"Kulikuwa na duara, shimo la wachimbaji wadogo, pale kilimani," alisema kwa sauti ya chini. "Matimba ya kushikilia kuta yaliloa mvua, likabomoka. Chini alikuwepo mama mmoja aliyekuwa anafagia mabaki ya mawe, na mtoto mgongoni. Mama tulimtoa, akazikwa huko juu kilimani. Mtoto hatukumpata. Wenye duara walichoka kuchimba, Mama Monika, wakasema wiki mbili zimepita, hata akipatikana ni wa kazi gani. Mimi niliteremka kupima. Kadi ilinidondoka kwenye tope. Nilipopapasa kuitafuta, nilihisi vidole vimeshika changu."

Aliinua kidole chake cha shahada, akakitazama, akakishusha.

"Vidogo," akasema.

Febronia alihisi huruma, na huruma ile ikachanganyika na kinyaa mpaka asijue ipi ni ipi, maana mtoto wa watu kaachwa topeni na watu wazima waliochoka, na sasa huyo mtoto wa watu anammalizia wake.

Hozefa alimjua mganga mmoja, mzee Nkwabi, mteja wake wa betri za redio, aliyekaa nje kidogo ya mji. Febronia, Mkatoliki wa kusimama kwaya, alikubali aitwe bila hata kungoja Jumamosi amuulize Herman. Mzee aliingia na mkoba wa ngozi ya mbuzi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Febronia akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akitazama blauzi yake iliyoloa. Hakupiga ramli. Alinusa zile kompyuta nne moja baada ya moja, kisha akauliza swali moja tu: nani alilitemea mate?

Febronia akanyoosha mkono, kama darasani.

"Basi usilaumu, mayu," Nkwabi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kilikuwa kitu cha kupotea, hakina mama. Wewe ukakibariki. Kinakunyonya kwa haki."

Aliwaeleza taratibu kwamba jini la kawaida hufukuzwa, lakini jini linalonyonya halifukuziki, ukilipiga unampiga anayelinyonyesha. Hilo huachishwa ziwa, kama mtoto yeyote. Akatoa mkobani jani la mshubiri, nene, linalovuja utomvu wa manjano. Febronia angejipaka chuchu zote mbili, alipe jini ziwa kwa hiari, lilione chungu, likubali lenyewe kwamba yamekwisha. Ila ajue kabisa: shubiri hii haichagui. Ziwa likiwa chungu kwa mmoja limekuwa chungu kwa wote, maziwa yatakata, na Monika hatanyonya tena kwa mama yake maisha yake yote.

Febronia alimtazama mwanawe. Alifikiria zile namba za hodi, wawili mlango mmoja, na kazi aliyoifanya mara mia kwenye mashine za watu bila kupepesa jicho. Safari hii mlango ulikuwa kifua chake mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alilichukua jani, akawaomba wanaume watoke.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, nje gari la matangazo likipita, na ndani ya chumba kile Febronia alikaa sakafuni, akajipaka ule utomvu mpaka lengelenge likawaka, akaiweka kompyuta kuukuu mapajani, akafungua kifua. Kadi ilitoka yenyewe. Ilijisukuma nje ya tundu kidogo kidogo, ikilowa, ikirefuka, ikaacha kuwa kadi, ikawa kitu cha kijivu kisicho na macho chenye mdomo tu, na ule mdomo ulitambaa juu ya tumbo lake ukiacha mstari wa tope na utelezi, ukanusa kwapa, ukakosea njia, ukarudi, naye alikaa amekaza meno, mikono kaikalia ili isije ikalisukuma wala, kilichomtisha zaidi, kulisaidia, mpaka lilipolipata titi na kulishika kwa ufizi wa baridi, likavuta mara moja, mara mbili, kisha likaonja. Likasimama. Likajaribu tena, kwa subira, likiamini kwamba tamu ipo mbele kidogo, likaonja tena, na kutoka ndani yake ikaja sauti ambayo Febronia alikuwa ameitegemea iwe ya kutisha na haikuwa ya kutisha hata kidogo, ilikuwa kilio cha kawaida cha mtoto aliyenyimwa, kile cha kwikwi, kinachouliza kwa nini, na kilidumu, na kilidumu, na matapishi yalimpanda kooni akayameza, na machozi yakamtoka akayaacha, na hakulipa neno lolote la kulibembeleza.

Kisha kitu kikaanguka sakafuni kwa mlio mkavu. Ilikuwa kadi, ngumu, baridi, kavu. Kompyuta zote zilinyamaza.

Pantaleo alirudi nayo Geita, akaitupa ndani ya duara lile lile, na safari hii alisimama hapo mpaka vijana walipolifukia kwa kifusi hadi juu. Kazi ya miezi mitatu ikapotea, akaachishwa kazi, akasema heri. Herman aliporudi aliambiwa sehemu ya mambo, akanunua mbuzi wa maziwa. Kifua cha Febronia kilikauka kabisa ndani ya siku mbili.

Monika alikataa maziwa ya mbuzi. Aliyanusa, akageuka. Siku ya kwanza Febronia alilia, siku ya pili aliomba rozari, siku ya tatu aligundua kwamba mtoto halii. Amelala ameshiba, tumbo limejaa kama ngoma, mashavu yameanza kurudi. Utosi ulijaa. Baada ya wiki tatu muuguzi yule yule alichora mstari unapanda, akamsifu mbele ya wanawake wote kwenye benchi, akasema huyu ni mama anayenyonyesha, igeni. Febronia akasema asante.

Aliijua siri ya shibe hiyo mchana mmoja, akikaza skrubu za redio, Hozefa yuko mbele na mteja. Chini ya meza, ndani ya boksi, Monika alikuwa anameza. Mikupuo mirefu ya kutosheka, na pumzi za puani katikati, na boksi lilikuwa limebonyea upande mmoja kwa uzito wa mtu aliyejiinamia hapo. Harufu iliyopanda ilikuwa ya udongo wa kaburi jipya na maziwa mazuri, matamu, ya mama. Walikuwa wamemwachisha ziwa yule mtoto wa topeni. Mama yake, aliyezikwa kule juu kilimani, matiti yamejaa, hakuna aliyemwambia, naye amemfuata hapa.

Angeweza kuinama. Angeweza kumwita Hozefa, au kumtuma mtu kwa Nkwabi, na Nkwabi angekuja na jani lingine, na mtoto angerudi kuwa mifupa. Kinyaa kilichomjaa hakikuwa tena cha yule aliye chini ya meza. Alishika bisibisi yake, akaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa, taratibu, akihesabu mikupuo.

Ilipokoma, na boksi liliporudi kusimama sawa, alimtoa mwanawe, akamweka begani, akampigapiga mgongoni mpaka akacheua, akamfuta mdomo maziwa na tope.